Daftari la Mwili: Kumbukumbu za Tiba na Kuachishwa Jeshi katika Historia ya Unguja

Askari anayeachishwa jeshi kwa sababu ya maradhi au ulemavu hupita mbele ya baraza la madaktari, yaani jopo la waganga wa jeshi wanaompima, wanaosoma jalada lake na kuamua mambo matatu: kama bado anafaa kwa utumishi, udhaifu wake umefikia kiwango gani, na kama udhaifu huo ulitokana na utumishi au alikuja nao kutoka nyumbani. Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa juu yake husimama haki ya pensheni, ambayo ni malipo ya kudumu, au ya kiinua mgongo, ambacho ni malipo ya mara moja, au kutokuwepo kwa malipo yoyote. Na ndilo lisiloweza kuthibitishwa kwa kuutazama mwili peke yake. Kovu huonyesha kwamba palikuwa na jeraha, lakini halionyeshi siku wala mahali jeraha lilipopatikana, na kifua kinachokohoa hakitaji safari iliyokidhoofisha. Ushahidi huo hukaa katika maandishi, na maandishi hayo ama yamewekwa tangu mwanzo wa utumishi, siku kwa siku na maradhi kwa maradhi, ama hayapo. Historia ya Unguja, hasa ile iliyopita katika ufuko wa Forodhani mbele ya Mji Mkongwe, inaonyesha kwa muda mrefu na kwa namna ya kusikitisha jinsi watu waliotumikia dola mbalimbali walivyopata au kukosa haki zao kwa kadiri miili yao ilivyoandikwa.

Forodhani ya karne ya 19 haikuwa bustani. Palikuwa mahali pa nyumba ya ushuru, ambapo pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi na vitambaa vilipimwa, vikahesabiwa na kuandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara waliokodishwa na Sultani kazi ya kukusanya ushuru, kwanza nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan. Uandishi wa mali ulikuwa umekomaa hapo kiasi kwamba msemo wa Kiswahili usemao mali bila daftari hupotea bila habari ulikuwa ni maelezo ya kazi ya kila siku kabla ya kuwa nasaha. Kutoka pwani hiyo hiyo waliondoka wapagazi na waungwana, yaani watu wa mjini waliojiajiri kwa misafara ya bara, na wao pia waliandikwa: majina yao, mishahara yao na malipo ya awali waliyopokea yalitiwa katika mikataba, ambayo katika misafara ya Wazungu mara nyingi ilishuhudiwa katika ofisi za mabalozi. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alichukua kutoka Unguja zaidi ya watu 600 kwa msafara wa kumtafuta Emin Pasha, na wengi wao hawakurudi. Mikataba ya namna hiyo ilihifadhi deni la fedha na kuacha pembeni deni la afya. Ilisema mtu alipokea nini na alidaiwa miezi mingapi ya kazi, lakini haikusema alikuwa mzima kiasi gani alipoondoka, na kwa hiyo aliyerudi na mguu ulioliwa na donda hakuwa na mahali pa kuulinganisha mguu huo na ule aliokwenda nao.

Jeshi la kisasa la Sultani lilianza kujengwa mwaka 1877, wakati Seyyid Barghash bin Said alipomkabidhi Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza, kazi ya kufundisha askari kwa taratibu za Kizungu. Mafunzo hayo yalileta gwaride, bunduki na sare, lakini kumbukumbu za mwili wa askari hazikupewa uzito ule ule, na upungufu huo ulidhihirika tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vilivyodumu chini ya saa moja, pale manowari za Kiingereza zilipopiga jumba alimokuwemo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa yao. Mabomu yaliangukia eneo lile lile la ufuko, hatua chache tu kutoka Beit al-Ajaib. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa vibaya baharia mmoja wa manowari Thrush, ambaye jeraha lake liliingizwa katika taarifa rasmi pamoja na habari ya kupona kwake. Kwa upande wa waliomtetea Khalid, idadi inayotajwa ni watu wapatao 500, waliokufa na waliojeruhiwa wakijumuishwa pamoja. Tofauti ya mtu mmoja aliyeandikwa na watu 500 waliokadiriwa si ya hesabu tu, kwa sababu wafu na majeruhi wanapowekwa katika fungu moja, majeruhi hana njia ya kujitoa humo na kudai chochote kwa jina lake.

Tiba ya raia wa Mji Mkongwe ilikuwa ikipata majengo yake wakati huo huo. Zahanati ya Kale, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa ambalo bado linasimama Mizingani, umbali mfupi kwa miguu kutoka Forodhani, liliwekewa msingi mwaka 1887 kwa gharama za Tharia Topan yule yule aliyewahi kukodi ushuru, na baada ya kifo chake likaja kutumika kama zahanati. Hata hivyo tiba ya zahanati na tiba ya jeshi zilitofautiana kwa nia. Zahanati ilimpokea mgonjwa ili apone, ilhali jeshi lilimpima mtu ili lijue kama anaweza kubeba bunduki na kutembea, na tofauti hiyo ndiyo iliyotawala uandishi wote uliofuata.

King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika ya Mashariki lililojulikana kwa kifupi cha KAR, liliundwa mwaka 1902, na taratibu zake za karatasi zilitokana na zile za jeshi la Uingereza. Katika mfumo huo, kila aliyejiandikisha alipaswa kuwa na hati ya kuandikishwa iliyotaja jina, kabila, umri uliokadiriwa, urefu na kipimo cha kifua, pamoja na karatasi ya historia ya maradhi iliyojazwa kila alipolazwa. Hospitali zilikuwa na daftari la kuingia na kutoka, na aliyekaribia kuachishwa kwa ugonjwa aliandikiwa taarifa maalumu, ambayo katika jeshi la Uingereza ilikuwa fomu B.179, iliyouliza ugonjwa ulianza lini, ulianzia wapi na daktari anadhani chanzo chake ni nini. Mfumo huu ulikuwa mzuri kadiri ulivyojazwa. Ulitegemea dresa, yaani mhudumu wa Kiafrika aliyefunga vidonda na kuandaa dawa, na ulitegemea karani aliyeandika jina kwa tahajia moja kila mara. Jina la Hamisi lililoandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu lilizaa watu watatu wasiokuwa na historia kamili hata mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Unguja mapema. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa bandarini ikitengenezwa, mbele ya mji wenyewe, na mabaharia 38 wakafa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Sehemu ya wafu hao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, na majina yao yamehifadhiwa. Miaka iliyofuata ilidai watu wengi zaidi kutoka visiwani na pwani, lakini si kwa uangalifu huo wa kuhifadhi majina. Mwaka 1917 askari wa kikosi cha Unguja waliingizwa katika batalioni mpya ya 7 ya KAR, na kabla ya hapo wanaume wengine walikuwa wameshachukuliwa kuwa wapagazi wa vita, wale ambao jina la kikosi chao kwa Kiingereza, lililotamkwa kwa Kiswahili, limeacha mitaa ya Kariakoo katika Dar es Salaam na Unguja, na Kariokor ya Nairobi.

Kikosi cha wapagazi kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa utawala wa Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, ambaye alitambua kwamba mtu asiyeandikwa atapotea na mshahara wake. Kila mpagazi alipewa kibati chenye namba cha kuvaa, na alama za vidole zilichukuliwa ili kutenganisha watu wenye majina yanayofanana au waliobadilisha majina. Ulikuwa mpango wa maana, lakini ulijengwa kujibu swali la malipo na swali la utoro, na swali la afya liliachwa nyuma. Wakati wa uandikishaji mkubwa wa mwaka 1917 uliosimamiwa na John Ainsworth katika Kenya ya leo, watu walipimwa na madaktari na wengi wakakataliwa kwa kutofaa. Hata hivyo upimaji huo wa kwanza ulifanywa kwa haraka, na matokeo yake kwa waliokubaliwa yalikuwa neno moja tu, kwamba mtu anafaa. Neno hilo lingeweza kuwa ngao ya mpagazi siku ya kuachishwa, maana aliyeingia akiwa mzima na kutoka akiwa mgonjwa ana hoja iliyo wazi, lakini liliweza kumlinda tu kama karatasi ya kuingia ingekutana na karatasi ya kutoka mikononi mwa mtu mmoja.

Kukutana huko kulikuwa kwa nadra. Kwa upande wa Waingereza, watu wapatao milioni moja walipita katika upagazi wakati wa vita hivyo katika Afrika ya Mashariki, na makadirio ya vifo yanakaribia 100,000, vingi vikisababishwa na maradhi kuliko risasi: kuhara damu kulikochochewa na unga wa mahindi usioiva vizuri kwa watu waliozoea chakula kingine, malaria, kichomi cha nyanda za baridi, na vidonda vya funza vilivyofikia kula vidole vya miguu. Maradhi ya namna hiyo ndiyo magumu kuliko yote kuyadai. Risasi ina siku yake na mapigano yake, lakini kuhara damu hakuna tarehe inayojulikana kwa umma, na mtu aliyeachiwa nusu njia ili arudi kwao akiwa dhaifu hakuandikwa kuwa mlemavu wa vita. Aliandikwa kuwa ameachwa, au hakuandikwa kabisa.

Unguja ilikuwa na shahidi mmoja aliyeiona hali hiyo kutoka ndani. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar aliyekuwa na kanisa lake kuu Mkunazini, aliunda mwaka 1916 kikosi cha wapagazi wa Zanzibar na kukiongoza yeye mwenyewe akiwa na cheo cha meja, akitembea pamoja na watu wake. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu, The Serfs of Great Britain, akipinga kazi za kulazimishwa katika makoloni. Kiongozi anayewajua watu wake kwa sura na kwa majina huziba sehemu ya pengo linaloachwa na karatasi. Lakini ushahidi wa aina hiyo hufa pamoja na mwenye nao, na Weston alifariki mwaka 1924, wakati wengi wa waliobeba mizigo walikuwa na miaka mingi ya kuishi na viungo vilivyochakaa.

Huko Uingereza vita hivyo vilibadilisha sheria ya ulemavu. Amri ya kifalme ya mwaka 1917 iliweka ngazi za asilimia, ambamo kupoteza viungo viwili kulihesabiwa 100% na viwango vidogo vilishuka hadi 20%, ili mlemavu alipwe kwa kadiri ya alichopoteza mwilini na si kwa kadiri ya mshahara ambao mwajiri angempa. Amri hiyo ilitofautisha ugonjwa uliosababishwa na utumishi na ugonjwa uliozidishwa na utumishi, yaani ule aliokuwa nao mtu ambao vita viliufanya uwe mbaya zaidi. Tofauti hiyo ilikuwa msaada mkubwa kwa mwenye kumbukumbu na kizingiti kwa asiye nazo, kwa kuwa ili kuonyesha kwamba ugonjwa umezidi ni lazima kuwe na maandishi mawili ya tarehe mbili. Askari wa Kiafrika walikuwa na viwango vyao vya malipo, vya chini kuliko vya askari wa Kiingereza, na wapagazi walikuwa chini yao. Hivyo walio na madai madogo zaidi kwa thamani walitakiwa kuyathibitisha kwa karatasi ambazo wao ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuzipata.

Askari waliotumikia upande wa Wajerumani walikumbana na kizuizi hicho kwa sura nyingine, kwa kuwa dola iliyowadai utumishi iliondoka ikiacha deni nyuma. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kutumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 na kudai mshahara wake na wa baba yake, akajibiwa kwamba muda wa kudai ulikuwa umepita. Alifariki katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua katika miaka ya 1960 kuwalipa askari wazee waliobaki hai, simulizi iliyonukuliwa mara nyingi inaeleza kwamba wachache tu kati ya waliofika Mwanza walikuwa na vyeti vyao, na kwamba wengine walipewa fagio na kuamrishwa kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki, nao wakayafanya bila kukosea. Simulizi hiyo hutajwa kwa kusifu nidhamu ya wazee hao, lakini fundisho lake kwa historia ya haki ni zito zaidi: mzee anaweza kuthibitisha kwa mikono yake kwamba aliwahi kuwa askari, ila hakuna zoezi la fagio linaloweza kuthibitisha kwamba maumivu ya mgongo wake yalianza katika mwaka fulani wa vita.

Vita Kuu ya Pili ilikuta taratibu za tiba zikiwa bora zaidi, na askari wa Afrika ya Mashariki, wakiwemo wale wa Divisheni ya 11 iliyopigana Burma mwaka 1944, walirudi nyumbani wakiwa na hati za kuachishwa zilizotaja utumishi na tabia zao. Wakati huo huo sheria ya Uingereza ilipiga hatua ya maana mwaka 1943, ambapo mzigo wa ushahidi ulihamishwa kutoka kwa mdai kwenda kwa wizara, kwa maana kwamba aliyeingia jeshini akiwa mzima alidhaniwa kuumizwa na utumishi mpaka serikali ithibitishe vinginevyo, na mahakama za rufaa za pensheni zikaanzishwa. Katika miaka yote ya suala hili, hakuna badiliko lililoonyesha uadilifu mkubwa kuliko hilo, kwa sababu lilikubali ukweli ambao wapagazi wa Kariakoo waliulipia bila kusikilizwa: anayeshika kalamu na kabati la majalada ni jeshi, na si haki kumwadhibu askari kwa kosa la kalamu ambayo hakuwahi kuishika.

Hata majalada yaliyojazwa kwa uangalifu yana adui. Mwezi Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la London lililohifadhi kumbukumbu za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na zaidi ya nusu zikateketea. Tarehe 12 Julai 1973 moto katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis, Marekani, uliangamiza majalada kati ya milioni 16 na 18, na askari wastaafu wa nchi tajiri kuliko zote walijikuta wakitafuta barua za zamani, picha na viapo vya wenzao ili kujenga upya historia ya miili yao. Mwaka 2021 kamati maalumu ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ilihusu wafu, lakini daftari lililowakosa wafu hao ndilo lililowakosa pia wenzao waliorudi wagonjwa.

Forodhani yenyewe ilibadilika. Shughuli za bandari zilihamia Malindi, na katika miaka ya 1930 ufuko ukafanywa bustani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na watu wa Unguja na Pemba wakatumikia ndani yake, hata katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Jeshi hilo lina hospitali zake, ikiwemo ya Lugalo mjini Dar es Salaam na ya Bububu kaskazini ya mji wa Zanzibar, kwa hiyo askari wa leo hutibiwa ndani ya chombo kinachomwajiri, na masuala ya zamani yanarudi katika mazingira mapya: nani anaandika, anaandika nini, na nakala inabaki kwa nani.

Historia iliyoelezwa hapa inatoa majibu yaliyo wazi. Kumbukumbu zinazomfaa askari mbele ya baraza la madaktari ni zile zilizoandikwa karibu na tukio, zenye tarehe na mahali, zinazotaja shughuli aliyokuwa akiifanya alipoumia au kuugua, kwani mstari mmoja wa dresa wa siku ile una nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo ya miaka kumi baadaye. Ugonjwa unaokuja polepole, kama uziwi wa mizinga, maumivu ya mgongo au msongo wa akili baada ya vita, unahitaji zaidi kuandikwa kila mara unapojitokeza, kwa kuwa hauna siku moja ya kushuhudiwa, na askari anayenyamaza ili aonekane shupavu anajinyima ushahidi ambao hakuna mwingine atakayempatia. Nakala ya jalada inapaswa kubaki mikononi mwa mwenye mwili pia, kwa sababu moto wa 1940 na wa 1973 haukuchagua nchi. Baraza nalo halina budi kuhesabu pengo la karatasi kuwa kosa la mtunza karatasi kwanza, kama sheria ya 1943 ilivyolitambua.

Watu wa Unguja hawakuhitaji kufundishwa na dola yoyote kwamba deni huandikwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura al-Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu na lishuhudiwe, iwe dogo au kubwa, na hati za makadhi pamoja na vitabu vya wafanyabiashara wa Mji Mkongwe vilitekeleza agizo hilo kwa vizazi vingi. Afya ambayo mtu anaitoa katika utumishi wa dola ni deni la namna hiyo, na katika deni la namna hiyo mdaiwa ni serikali. Wapagazi wa mwaka 1917 walidhulumiwa mara mbili, kwanza walipobebeshwa mizigo iliyowavunja na pili pale kuvunjika kwao kulipoachwa nje ya daftari. Dhuluma ya kwanza ilikuwa ya vita, na wakati wake umepita. Ya pili ni ya ofisi, na inaweza kutendeka tena katika siku yoyote ya amani ambapo karani anaahirisha kuandika, daktari anatia saini bila kuuliza chanzo, au kamanda anamhimiza mgonjwa aondoke haraka kabla jalada lake halijakamilika. Kukamilisha jalada kabla ya saini ya mwisho ni sehemu ya malipo ya utumishi, na askari ana haki ya kuyadai kama anavyodai mshahara wake.